Wimbo Uliofika Namba Moja Bila Mtunzi Kuulizwa: Uchambuzi wa Kisa cha "The Sound of Silence"

Kisa hiki kinafundishika kwa sababu ndani yake mtu mmoja alikisia sawasawa na akawakosea wenzake kwa kitendo kile kile. Januari 1966 wimbo wa Paul Simon uliongoza chati ya jarida la Billboard la Marekani, ukiwa na magitaa ya umeme, besi na drams ambazo mwenyewe hakuziomba, hakuwepo zilipopigwa, wala hakuulizwa kama anazitaka. Wengi wanaokisimulia huishia kwenye ushindi: prodyuza alikuwa na sikio, msanii akapata jina, basi. Kwangu ushindi ndio sehemu yenye mafunzo machache zaidi. Cha kuangalia ni nani alikuwa na mamlaka juu ya nini, na aliyatumiaje.

Wasanii na maprodyuza wanaotajwa hapa ni watu wa historia ya muziki inayojulikana. Watangazaji, wanafunzi na watumishi wa kampuni waliochangia nimewaacha bila majina.

Usuli

Paul Simon na Art Garfunkel walikulia Queens, New York. Mwaka 1957, wakiwa bado wanafunzi wa sekondari, walitoa singo (santuri ndogo inayouzwa kwa wimbo mmoja mkuu) iitwayo "Hey Schoolgirl" wakijiita Tom & Jerry. Ilifika nafasi ya 49. Zilizofuata hazikufika popote, na kila mmoja akashika njia yake. Walipoungana tena mwaka 1963, upepo wa muziki ulikuwa umegeuka. Vijana wa vyuo walijazana kwenye vilabu vya mtaa wa Greenwich Village, New York, kusikiliza waimbaji wa folk, watu wanaosimama na gitaa kavu, lisilo la umeme, na maneno yenye uzito.

Simon wakati huo alikuwa na kazi ya kuzungusha nyimbo za kampuni ya uchapishaji wa muziki, akizipeleka ofisi hadi ofisi kutafuta waimbaji wa kuzirekodi. Ndivyo alivyofika mbele ya Tom Wilson, prodyuza wa Columbia Records. Wilson alikuwa Mwafrika-Mmarekani aliyesoma Harvard, aliyetokea kwenye jazi, na ndiye aliyekuwa akimrekodi mwimbaji wa folk Bob Dylan. Alichotaka kwa Simon ni wimbo mmoja tu, ampe kundi jingine. Simon akaomba nafasi ya kumwimbia pamoja na rafiki yake. Waliimba, Wilson akawakubali, wakapewa mkataba wa Columbia.

Tarehe 10 Machi 1964 walirekodi "The Sound of Silence" wakiwa na magitaa makavu na besi kubwa ya mbao, bila drams. Mhandisi wa sauti alikuwa Roy Halee. Mpiga besi alikuwa Bill Lee, baba wa mwongoza filamu Spike Lee. Albamu yao, Wednesday Morning, 3 A.M., ilitoka Oktoba mwaka huo, na mauzo yake ya mwanzo hayakuzidi sana nakala 3,000. Ilikuwa bahati mbaya ya majira. Kundi la Beatles la Uingereza, lenye magitaa ya umeme na drams, lilikuwa limetua Marekani mwezi Februari, na kufikia Oktoba santuri ya vijana wawili wanaoimba kwa upole ilionekana imechelewa.

Simon akahamia Uingereza, akaimba kwenye vilabu vidogo vya folk. Garfunkel akarudi kwenye masomo yake Chuo Kikuu cha Columbia. Kundi halikutangaza kuvunjika, ila kwa vitendo lilikuwa limekwisha.

Mfululizo wa matukio

Mwaka 1965 mtangazaji wa usiku katika kituo cha WBZ cha Boston alianza kuupiga wimbo huo kutoka kwenye ile albamu iliyododa. WBZ ilirusha kwa mawimbi ya kati kwa nguvu ya kilowati 50, na usiku mawimbi hayo husafiri mbali mno, kwa hiyo waliokuwa macho katika majimbo mengi ya mashariki waliweza kuusikia. Boston na vitongoji vyake ni mji wa vyuo. Wanafunzi wakaanza kuuomba. Walipokwenda Florida kwa likizo yao ya masika wakaenda nao, wakauulizia kwenye maduka ya santuri. Watu wa mauzo wa Columbia wakapeleka habari New York: kuna wimbo wa zamani unaoombwa, na hakuna singo ya kuwauzia.

Mwezi Juni mwaka huohuo The Byrds, nao wa Columbia, waliongoza chati kwa "Mr. Tambourine Man", wimbo wa Dylan waliouvika gitaa la umeme la nyuzi 12 na drams. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na vitu viwili mezani kwa wakati mmoja: wimbo wenye wapenzi, na mfano hai wa jinsi ya kuufikisha wimbo wa folk kwa umma.

Katikati ya mwaka, siku ambazo alikuwa ametoka kurekodi "Like a Rolling Stone" na Dylan, Wilson akachukua kanda ya Machi 1964. Akawaita wanamuziki wa studio, wakiwemo mpiga drams Bobby Gregg na wapiga gitaa Al Gorgoni na Vinnie Bell, wapige juu ya sauti zilizokuwamo tayari. Simon alikuwa Ulaya. Garfunkel alikuwa akiishi mji huohuo wa New York. Hakuna aliyeitwa.

Singo ilitoka Septemba 1965. Upande wa pili iliwekwa "We've Got a Groovy Thing Goin'", ambao wawili hao walikuwa wameurekodi na Wilson mwezi Aprili kwa mtindo wenye mdundo zaidi. Novemba ikaingia kwenye chati ya Billboard. Simon alikuwa Denmark aliposoma kwenye gazeti la biashara ya muziki kwamba wimbo wake unapanda. Alipokuja kuisikia santuri yenyewe alishtuka na kuchukizwa. Garfunkel hakuumia kiasi hicho. Aliona ni jaribio la kibiashara kama majaribio mengine, huenda likauza.

Tarehe 1 Januari 1966 ikawa namba moja. Juma lililofuata "We Can Work It Out" ya Beatles ikaiondoa, kisha wimbo wa Simon ukarudi kileleni kwa juma moja zaidi mwezi huohuo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Wilson: kuurudia wimbo bila kuwarudisha waimbaji. Sababu zake zinaeleweka. Kundi lilikuwa limetawanyika, na dirisha la mtindo mpya lilikuwa wazi. Kumsafirisha Simon, kumshawishi na kupanga upya kipindi cha studio kungechukua muda ambao mtu wa biashara ya singo hakupenda kuupoteza. Zaidi ya hapo, hakulazimika. Rekodi ilikuwa mali ya kampuni.

Uamuzi wa pili hauzungumzwi vya kutosha, na kwa maoni yangu ndio uliouokoa wimbo. Wilson hakugusa sauti za waimbaji. Hakuzikata na kuzipanga upya, hakufupisha ubeti, hakuongeza kiitikio mahali ambapo mtunzi hakukiweka. Sikiliza ile singo taratibu. Inaanza na gitaa, wawili wanaimba ubeti wa kwanza karibu peke yao, na drams na besi zinangoja mpaka ubeti wa pili ndipo zinaingia. Kutoka hapo uzito unaongezeka ubeti kwa ubeti, jambo linaloendana na maneno yenyewe, kwa sababu maneno yanatoka kwenye chumba cha mtu mmoja na kuishia kwenye umati.

Kazi haikuwa rahisi. Rekodi ya 1964 haikuwa na drams wala kipima mwendo. Simon na Garfunkel waliimba wakipumua pamoja, wakichelewesha hapa na kusogeza pale, kama wafanyavyo wawili wanaojuana tangu utoto. Mpiga drams anayekuja mwaka mmoja baadaye hana wa kumwangalia usoni, anafuata kanda tu. Ukisikiliza kwa makini utawasikia wanamuziki wale wakivutana na mwendo, wakijizuia kidogo ili sauti ziwafikie. Halee alitia mwangwi mwingi juu ya yote, na mwangwi ule ulisaidia kushona pande mbili zilizorekodiwa nyakati tofauti.

Uamuzi wa tatu ni kuitoa singo bila taarifa. Hapa siioni sababu nzuri. Kati ya kipindi cha studio na siku ya kutoka kulikuwa na muda wa kutosha wa kumpigia simu Garfunkel, na wa kumwandikia Simon barua ikafika London. Hakuna sheria iliyowalazimu, na desturi ya kampuni za wakati ule ilikuwa kuona msanii kama mtu anayekuja studio, anaimba, anaondoka. Desturi ndiyo iliyoamua.

Uamuzi wa nne ni wa Simon mwenyewe. Angeweza kugoma. Alikuwa na hoja, alikuwa na hasira, na Uingereza alikuwa ameshatengeneza maisha anayoyapenda. Tena Agosti 1965 alikuwa ametoa huko The Paul Simon Songbook, albamu ya mtu mmoja na gitaa lake, yenye wimbo huohuo. Yaani mwisho wa mwaka ule kulikuwa na rekodi tatu za wimbo mmoja: ya wawili na magitaa makavu, ya mtunzi peke yake, na ya umeme. Iliyopendwa zaidi na umma wa Marekani ndiyo pekee ambayo hakuulizwa ilipotengenezwa. Mwezi Desemba alirudi New York, akaungana na Garfunkel, akaingia studio.

Matokeo

Columbia ilitaka albamu haraka, singo isije ikapoa. Wawili hao wakarekodi mfululizo mwezi Desemba, chini ya prodyuza mwingine, Bob Johnston, kwa sababu Wilson alikuwa akihamia Verve, tawi la MGM. Sounds of Silence ikatoka Januari 1966. Nyimbo zake kadhaa zilitoka kwenye ile albamu ya Uingereza, na baadhi zikarekodiwa upya kwa sura ya folk-rock, yaani folk yenye vyombo vya umeme na drams. Ilifika nafasi ya 21. Ile albamu ya 1964 nayo ikarudishwa madukani, na safari hii ikaingia chati hadi nafasi ya 30, santuri ileile ambayo haikuwa na mnunuzi miezi michache nyuma.

Kasi ya haraka inasikika kwenye albamu. Baadhi ya nyimbo zimevishwa nguo ya singo iliyofanikiwa kwa sababu tu singo imefanikiwa. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. "Homeward Bound" ilifika nafasi ya 5 mwaka 1966, "I Am a Rock" ikafika ya 3. Mwaka 1967 mwongoza filamu Mike Nichols alitumia nyimbo zao katika The Graduate, na "The Sound of Silence" ukasikika kwa kizazi kingine cha wasikilizaji. Sounds of Silence imo katika hazina ya rekodi za taifa inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Uingereza, nchi ambayo Simon alikuwa akiishi, mambo yalikwenda vingine. Kundi la The Bachelors liliuimba wimbo huo kwa mtindo wao laini na kufika nafasi ya 3 mwaka 1966, ilhali singo ya wenyewe haikuingia chati ya huko. Simon alipata mrabaha wa mtunzi kwa kila nakala ya The Bachelors. Garfunkel, ambaye hakuwa mtunzi, hakuwa na fungu katika rekodi ambayo hakuimba.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kwanza, Wilson hakubahatisha gizani. Watu husema alikuwa na kipaji cha kuona mbele, na kipaji alikuwa nacho, lakini ushahidi ulimfikia kabla hajagusa kanda. Wasikilizaji wa usiku walikuwa wameshauchagua wimbo ukiwa mkavu. Drams hazikuwafanya waupende. Ziliufanya ukubalike kwenye vipindi vya mchana, kwenye redio za magari, kwenye vituo ambavyo visingepiga magitaa makavu baada ya kundi la roki la Rolling Stones. Tofauti hii ni kubwa. Prodyuza anayechukua wimbo usiopendwa na mtu na kuuongezea vyombo anafanya kamari tofauti kabisa na ya Wilson.

Pili, alikuwa na mtindo aliouelewa kutoka ndani. Alikuwa amemvusha Dylan kutoka gitaa kavu kwenda umeme, na aliwajua wanamuziki wa kuita. Wapiga vyombo wa studio wa New York walikuwa mafundi wa kuingia kwenye wimbo wasioufahamu na kutoka baada ya saa chache wakiwa wameupa mwili.

Tatu, kama nilivyosema, aliheshimu utunzi. Hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu nimesikia kisa hiki kikitumika kuhalalisha prodyuza yeyote anayeuharibu wimbo wa mtu kwa jina la soko. Wilson hakubadilisha wimbo, alibadilisha kinachouzunguka. Ushahidi wa uimara wa wimbo wenyewe ni kwamba uliendelea kuishi bila drams zake. Tarehe 11 Septemba 2011, katika kumbukumbu ya miaka kumi ya mashambulizi ya New York, Simon aliuimba peke yake na gitaa, na hakuna aliyehisi kuna kitu kimepungua.

Uchambuzi: kilichovunjika

Matokeo mazuri hufuta maswali, na hilo ndilo kosa linalorudiwa kila kisa hiki kinaposimuliwa. Tuseme singo ile ingedoda. Simon angebaki na wimbo wake alioupenda ukiwa umetolewa sokoni kwa sura aliyoichukia, kwa jina lake, na asiwe na pa kulalamika. Hali yake kimkataba ingekuwa ileile. Kwa hiyo ubaya wa utaratibu haupimwi kwa chati.

Hasara iliyoonekana ni ya maandalizi. Wimbo ulipoanza kupanda, hakukuwa na kundi la kuusindikiza. Mtunzi alikuwa nje ya nchi, hakuna albamu mpya, hakuna maonyesho yaliyopangwa. Albamu ilibidi itengenezwe kwa majuma machache. Kama wawili hao wangejua mwezi Julai, wangekuwa na miezi mitano ya kuandika na kufanya mazoezi, na huenda Sounds of Silence ingekuwa albamu iliyofikiriwa badala ya albamu iliyokimbizana na singo. Kutowaambia kuliigharimu kampuni yenyewe.

Aliyefanya uamuzi pia hakuwepo wakati wa mavuno. Wilson alipohamia Verve alienda kufanya kazi na Frank Zappa na The Velvet Underground, na Simon na Garfunkel wakajenga jina lao na watu wengine, hasa Roy Halee, ambaye walikaa naye hadi mwisho wa kundi. Inaniuma kuona jinsi jina la Wilson lilivyobaki nyuma kwa miaka mingi, ilhali kazi yake ya 1965 peke yake ingetosha kumweka kwenye kila kitabu cha muziki wa Marekani. Alifariki mwaka 1978.

Kitu kimoja kilimlinda Simon bila yeye kupigana: mgawanyo wa haki. Haki ya rekodi na haki ya utunzi ni vitu viwili. Columbia ilimiliki kanda, na ndiyo maana iliweza kuivisha drams. Maneno na melodi vilibaki vya mtunzi, na kila nakala, kila kituo cha redio, kila kundi lililouimba upya lilimlipa yeye. Bendi ya Disturbed ilipourudia mwaka 2015 kwa sauti nzito na okestra, wimbo bado ulikuwa wa Simon. Alipoteza usemi juu ya kanda moja, hakupoteza wimbo.

Kwa studio za kwetu

Suala la nani mwenye kanda tunalijua. Bendi za dansi za Tanzania zilirekodi miaka mingi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki za kituo. Wanamuziki walizisikia nyimbo zao hewani wasiwe na usemi juu yake. Leo sura imebadilika, kwa sababu studio nyingi ni za prodyuza mmoja mwenye kompyuta, na msanii chipukizi mara nyingi anaingia bila karatasi yoyote. Prodyuza anabaki na mafaili yote: sauti peke yake, mdundo peke yake. Kufanya alichofanya Wilson hakuhitaji tena wapiga vyombo wala kodi ya studio. Ni kazi ya jioni moja.

Kwa hiyo ningemwambia msanii anayeandika nyimbo zake mwenyewe aandikishe utunzi kwanza, COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kwa Tanzania au shirika linalohusika nchini kwake, kabla hajaimba mbele ya maiki ya mtu. Kisha mkataba wa kurekodi, hata wa ukurasa mmoja, utaje mambo ambayo kisa hiki kinaonyesha yalikosekana. Mwenye kanda akitaka kuongeza au kupunguza chochote baada ya rekodi kukubaliwa, amjulishe msanii kwa maandishi. Msanii asikilize toleo jipya kabla halijatoka, na apewe siku kadhaa za kujibu. Akilikataa na mwenye kanda akaamua kulitoa, msanii awe na haki ya kutaka jina lake lisiwepo. Na prodyuza naye aandikiwe fungu lake kwenye rekodi hiyo, lenye asilimia iliyotajwa, litakaloendelea kumfikia hata akihama studio.